Uzi: Miaka mitatu Columbus, Ohio nilijua njia ya ghalani tu, mpaka siku ya soseji za senti kumi

#1 Mwana wa Korogwe

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Leo naweka uzi wangu wa kwanza, na si wa viza wala bahati nasibu ya green card, kwa hiyo mliokuja na hayo mtanisamehe. Ni uzi wa mji ninaoishi.

Ukimtajia mtu Marekani anawaza New York, anawaza California. Columbus hata Wamarekani wenyewe ukiitaja unaona macho yanahamia kwenye sahani. Ndio mji mkubwa kuliko yote Ohio, watu zaidi ya laki tisa, lakini hauna bahari, hauna mlima, na treni ya abiria iliacha kufika 1979, haijarudi mpaka leo. Kuna mto unaitwa Scioto, maji yake rangi ya chai ya maziwa.

Nilifika Januari. Kwa miaka mitatu nilijua chumba changu, ghala, kanisa, na duka la kununulia unga na mafuta. Shifti ya usiku, usingizi wa mchana, ovataimu wikiendi. Mama akipiga kuuliza huko kukoje, jibu langu lilikuwa neno moja: baridi. Hata mwezi wa saba nilijibu hivyohivyo.

Jirani yangu wa chini ni mzee mmoja Mmarekani mweusi, dereva wa basi mstaafu. Siku moja jioni tumekutana ngazini akaniuliza, kijana, leo unaingia kazini? Nikamwambia leo nimepumzika. Akasema mwenzake wa kwenda naye uwanjani mgongo umemkamata, ana tiketi mbili za besiboli, na leo soseji ni senti kumi. Nikajua Kiingereza kimenipiga chenga. Soseji senti kumi, nchi hii ambayo maji ya chupa uwanjani wanakukata dola kadhaa?

Wakuu, ni kweli. Timu inaitwa Columbus Clippers na siku hizo wanaziita Dime-a-Dog Night. Soseji na mkate wake, senti kumi. Watu wanarudi kutoka dirishani wamezikumbatia kama matofali ya kuchoma. Mbele yetu kulikuwa na mtoto wa kama miaka kumi anahesabu kwa sauti. Alipofika ya saba baba yake akamwambia imetosha, akaila yeye.

Uwanja ni Huntington Park, umefunguliwa Aprili 2009, unachukua watu 10,100. Uko mjini kabisa, maghorofa yanakuchungulia. Clippers si timu ya ligi kuu, iko hatua moja chini, daraja wanaloliita Triple-A, na inalea wachezaji wa Cleveland Guardians. Hapo ndipo utamu ulipo. Unamwona kijana anatafuna mbegu za alizeti hatua chache kutoka ulipokaa, wiki ijayo unamkuta kwenye TV huko Cleveland. Pembeni yake kuna mwingine ameshushwa kutoka huko juu, ameumia au ameboronga. Anayepanda na anayeshuka wamevaa jezi moja, wanakaa benchi moja.

Kuhusu mchezo wenyewe, nusu saa ya kwanza niliona ni rede ya watu wazima waliopewa rungu. Mzee akanifundisha taratibu. Mechi ni awamu tisa (Tanzania tuko ya sita, kwa hiyo bado tuna mechi). Kila awamu timu zinapeana zamu ya kupiga, na watu watatu wakitolewa zamu imekwisha. Nilichoshindwa kuelewa ni kwa nini watu hawaangalii. Wanapiga soga, wanakula, wanamtafuta mtoto aliyepotea, wanauliza hali ya mgonjwa. Kisha rungu linalia *ko!* na watu elfu nane wanainua shingo kwa pamoja. Mpira ukitua wanarudi kwenye stori palepale walipoishia.

Ni kibaraza, wakuu. Kibaraza kile cha kwetu cha jioni, ila hiki kimezungushiwa ukuta na kinatoza kiingilio. Nilikaa saa mbili na nusu sijagusa simu.

Nilivyorudi nikajiwekea sheria: kila Jumamosi ninayopumzika, niende mahali pamoja ambapo sijawahi kufika, na nisizidishe dola ishirini. Nimefanya hivyo tangu Mei. Nitawashushia kidogokidogo.

#2 Kapuku Mstaafu

Uzi bila picha ni ugali bila mboga. Lakini tiririka, nimeweka kambi.

#3 Kadzo wa Kilifi

Hiyo besiboli unayoihangaikia ni rounders tu bwana! Sisi Kenya shule ya msingi wasichana tulicheza rounders mpaka ulimi nje. Unapiga, unatupa fimbo, unakimbia kuzunguka vituo vinne. Ningekuwa nimezaliwa Ohio saa hizi nina nyumba tatu Nyali.

#4 Abuu Shakur

Assalam aleikum. Swali dogo kwa mleta uzi. Hizo soseji zina nguruwe?

#5 Mwana wa Korogwe

Kadzo, nimecheka. Tofauti naona ni ukali wa mrushaji tu, huyu akirusha mpira unausikia ukitua kwenye glavu kabla hujauona. Na siku hizi kuna saa ukutani inamhesabia, asipokuwepo mtu kwenye vituo anapewa sekunde 15 awe ameshaanza kurusha. Ligi kuu walianza na sheria hiyo 2023. Mzee jirani haipendi kabisa, anasema wamekuja kuharakisha kitu ambacho watu walikifuata ili wasiharakishwe.

Sasa chakula. Nilianza na North Market. Ni soko la tangu 1876, na jengo la sasa zamani lilikuwa ghala la mashine za kilimo, kwa hiyo hata starehe yangu ya kwanza ilikuwa ghalani. Msitarajie Kariakoo. Hakuna kuvutana mkono, hakuna "njoo boss nikupunguzie". Ni vibanda vya chakula, ghorofani meza, unanunua chini unapanda kulia juu. Duka la aiskrimu la Jeni's ambalo sasa liko miji mingi Marekani lilianzia humo 2002. Aiskrimu yao tamu, ila kwa bei hiyo niliilamba kwa adabu.

Jumamosi iliyofuata nikaenda German Village, mtaa wa Wajerumani wa zamani kusini mwa mji, nyumba za matofali mekundu na barabara nazo za matofali. Kuna Schmidt's, familia iliyoanza na kiwanda cha nyama 1886, mgahawa ukafunguliwa 1967. Wana soseji ya pilipili inaitwa Bahama Mama. "Pilipili" hiyo nimeiweka kwenye mabano ya moyo wangu, mtu wa Tanga hatoki jasho pale. Lakini wana andazi la krimu, limejazwa mpaka linafika nusu ratili. Nilikula nusu, nyingine nikampelekea mzee. Alifungua boksi akasema, "sasa umekuwa mtu wa hapa".

Mtaa huohuo kuna duka la vitabu, Book Loft, lina vyumba 32. Vyumba, si rafu. Niliingia saa nane mchana, nikatoka ninaulizwa kama nimepotea. Nilikuwa nimepotea.

Halafu pizza. Pizza ya Columbus haikatwi pembetatu. Ina unga mwembamba kama chapati ya maji iliyokaushwa, pepperoni zimetandazwa mpaka ukingoni zimekunjamana kama vikombe vidogo vya mafuta, na inakatwa vipande vya mraba. Mwanzoni niliona kituko. Baadaye nikaelewa: pembetatu ni ya mtu mmoja, anajua chake ni kipi. Vya mraba huwezi kuhesabu nani kala vingapi. Ni sinia.

#6 Msema Kweli

Mleta uzi unatupamba tu. Nimeishi Columbus miaka miwili kabla ya kuhamia Texas. Huo ndio mji ambao Wendy's ilianzia 1969, na White Castle makao yake makuu yapo hapo tangu miaka ya thelathini. Makampuni yalizoea kupeleka burger mpya Columbus kwanza kujaribia, kwa sababu watu wa hapo ndio Mmarekani wa kawaida kabisa. Yaani umekaa kwenye maabara ya burger halafu unatuambia kuna chakula. Columbus ni barabara pana, maegesho, na mahindi ukitoka nje ya mji. Tusidanganyane.

#7 Dada wa Northland

Msema Kweli, kaka yangu, ulikaa upande gani? Maana Columbus kuna mbili. Kuna ya kwenye kalenda, na kuna ya Cleveland Avenue na Morse Road.

Mimi niko hapa mwaka wa kumi na moja, nalea wazee kwenye nyumba yao ya matunzo. Ukiacha Minneapolis na majirani zake, hakuna mahali Marekani penye Wasomali wengi kama Columbus. Tena tuna Wanepali waliotoka Bhutan, wengi kuliko mji wowote wa nchi hii. Waethiopia, Waeritrea, Wakongomani, Waghana, Wameksiko. Pale Morse Road kuna duka kubwa la vyakula linaitwa Saraga, limeingia kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa duka la midoli. Humo nimepata mihogo, bamia, maharage ya kila rangi, ndizi za kupika. Mpaka majani ya mgagani niliyakuta siku moja nikabaki nimeyashika tu, nusura nilie mbele ya mwenye duka. Na humohumo ndani ndiko Wanepali walianzisha kibanda cha momo, vile vidonge vya unga vilivyojazwa nyama, vya kupika kwa mvuke, mpaka wakawa maarufu wakafungua na North Market. Kwa hiyo ule utalii wa mjini umepikwa kwanza huku kwetu.

Kuhusu Wasomali, nenda mgahawa wowote wa Cleveland Avenue mchana. Unaletewa sahani ya wali wenye viungo na nyama ya mbuzi, na juu ya sahani ndizi mbivu haijamenywa. Mara ya kwanza nikadhani ni tunda la baada ya chakula, nikaiweka pembeni. Mhudumu akaja akaniangalia kwa huruma. Ndizi unaimega unaila PAMOJA na wali, wali na pilipili na ndizi kwenye tonge moja. Jaribuni kabla ya kukunja uso. Chai yao inaitwa shaah, ni chai yetu ya maziwa ya tangawizi na hiliki, imekuja tu na pasipoti nyingine. Hoyo's Kitchen ndiyo imeipeleka mpaka North Market, na hoyo maana yake mama.

Abuu Shakur, huku Northland halali ndiyo kawaida. Huna haja ya kuuliza.

#8 Abuu Shakur

Jazakallah dada. Ila mimi nilikuwa nauliza zile za uwanjani.

#9 Mwana wa Korogwe

Abuu nakujia, ngoja nimalize hili maana Dada wa Northland amenigusa.

Mgahawa mmoja wa Cleveland Avenue ndio ulionipa kitu ambacho sikukitafuta. Nimekaa, nala, naongea na mama kwa simu (ile tabia ya kutogusa simu ilishaisha). Mama akiwa na hasira huwa anahama lugha, anaingia Kizigua, kwa sababu bibi mzaa mama ni wa Handeni. Nami namjibu kwa Kizigua changu cha kuokoteza. Nikakata simu. Meza ya pembeni kuna mzee amevaa koti kubwa la jinzi na kofia ya kufuma, ananitazama hatafuni. Kisha akanisalimia. Kwa Kizigua.

Nikamwuliza, mzee, wewe wa Handeni? Akasema hapana, nimezaliwa Somalia, kando ya mto Juba. Kizigua chake kizuri kuliko changu, tena kina maneno ambayo nimewahi kuyasikia kwa bibi tu.

Wanaojua historia watanisaidia. Karne ya 19 Wazigua wengi, nasikia enzi za njaa kali, walichukuliwa wakauzwa utumwa, wakapelekwa kwa majahazi mpaka pwani ya Somalia. Baadaye walitoroka wakajificha misituni bonde la Juba, wakalima, wakatunza lugha. Vita vya Somalia vilipoanza 1991 wakakimbilia Kenya, kambi za Dadaab na kisha Kakuma. Wengine walirudi Tanzania, wakapewa makazi Chogo, hukohuko Handeni, na uraia juu. Marekani ilianza kuwapokea kwa maelfu kuanzia 2003 na 2004, ndio Wamarekani wanaowaita Wabantu wa Kisomali, na Columbus ni moja ya miji waliyofikia.

Nilimpigia tena mama, nikampa yule mzee simu. Wakaongea dakika kumi na tano. Mwishoni mama akaniuliza mzee huyo ni wa ukoo gani, na anakula vizuri? Mimi miaka mitatu hajawahi kuniuliza kama nakula vizuri.

#10 Kapuku Mstaafu

Mkuu hapo nimesimama. Picha sitaki tena.

#11 Mwana Bukavu

Jambo ndugu zangu wote. Miye natoka Bukavu, nilipita kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka kumi na mbili mbele ya kufika Ohio. Aksanti kwa hii mada.

Naongeza kidogo. Kama uko Columbus na unatafuta kukutana na watu, usianze na restaurant. Anza na parke. Kuanzia mwezi wa tano kila siku ya yenga (Jumapili) utaona Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda wanakaa parke moja, moshi inapanda, nyama inachomwa, sombe (kisamvu) iko kwa sufuria, ndagala iko pembeni. Tunatoka kanisa tunaenda pale na nguo ya kanisa. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Wanakuuliza: umekula?

Na ile pizza ya kukata-kata batoto yangu wanapenda sana. Miye naona ni mkate wenye umeungua kidogo.

#12 Mwananchi 614

Mnaongelea viwanja vya Columbus halafu hamuitaji Crew? Nimelazimika kuingia kwenye akaunti niliyoisahau nywila.

Columbus Crew ni mpira wetu huu wa miguu. Ligi ya MLS ilianza 1996 na Crew ni miongoni mwa waanzilishi. 1999 walijenga uwanja wao karibu na viwanja vya maonyesho, ndio uwanja wa kwanza wa ligi hiyo kujengwa mahsusi kwa soka. Kabla ya hapo timu zilikuwa zinapanga kwenye viwanja vya mpira wao ule wa kukumbatiana, American football. Pale ndipo Marekani walikuwa wanawapeleka Mexico kuwafunga mbili bila: 2001, 2005, 2009, 2013. Mara nyingine walichagua baridi makusudi, ile ya kwanza ilichezwa Februari.

Sasa sikieni. Oktoba 2017 ikavuja kwamba mmiliki anataka kuihamishia timu Austin, Texas. Kwa Wamarekani hilo ni jambo la kawaida, timu ni kama lori, linageuzwa tu. Hebu fikiria mtu aje aichukue Coastal Union kutoka Tanga aipeleke Dodoma, abadilishe na jina, kisha akutumie barua pepe ya kukushukuru kwa ushirikiano. Mwana wa Korogwe unanielewa.

Watu wakakataa. Wakaanzisha harakati, Save the Crew. Waliandamana, wakaweka mabango kwenye maduka na vinyozi, wakakusanya ahadi za watu kununua tiketi za msimu mzima kama timu itabaki. Kilichowasaidia ni kidonda cha zamani. Miaka ya tisini timu ya Cleveland Browns ilihamishiwa Baltimore, Ohio ikaumia, bunge likatunga sheria kwamba timu iliyobebwa na fedha za umma haiwezi kuondoka hivihivi, lazima itoe notisi ya miezi sita na iwape wenyeji nafasi ya kuinunua. Mwaka 2018 jimbo na jiji wakaenda mahakamani kwa sheria hiyohiyo. Mwisho wa siku wakapatikana wanunuzi, na mmojawapo ni familia ya Haslam, haohao wanaoimiliki Browns ya sasa. Timu ikabaki, Austin wakapewa timu yao mpya.

Desemba 2020 timu iliyotakiwa isiwepo ikachukua kombe, 3-0 dhidi ya Seattle, kwenye uwanja uleule wa zamani, watu wachache kwa sababu ya korona. Julai 2021 wakafungua uwanja mpya mjini wa watu kama elfu ishirini, unaweza kutembea kwa miguu kutoka hapo mpaka kwenye soseji zako za senti kumi. 2023 wakachukua tena, wamewafunga LAFC 2-1 nyumbani.

Mimi ni Mwananchi, shabiki wa Yanga, damu yangu kijani na njano. Lakini upande ule wa mashabiki wanaosimama, Nordecke, ngoma zikianza nasahau kwamba sijui maneno.

#13 Lunyasi wa Ohio

Mwananchi kusahau maneno si jambo geni. Huwa mnasahau na matokeo.

#14 Mwananchi 614

Ungekuwepo Columbus nisingekujibu humu.

#15 Binti Mbeya

Shikamooni wakubwa. Natarajia kuja Agosti kusoma Ohio State. Sina gari na sina hela. Nifanyeje nisije nikaishi kama mleta uzi miaka yake mitatu?

#16 Dada wa Northland

Marahaba mwanangu, karibu.

Kwanza maktaba. Usicheke. Columbus Metropolitan Library walifuta faini za kuchelewesha vitabu tangu 2017, ndani kuna joto, kuna intaneti, na watoto wanasaidiwa masomo ya jioni bure. Mimi wanangu wamelelewa na mimi pamoja na maktaba.

Pili, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nenda Short North, majumba ya sanaa yanafungua milango jioni, unaingia unatazama picha hulipi. Juni kuna bustani ya waridi ya Whetstone, maelfu ya mawaridi, bure. Mwisho wa Juni kuna ComFest, sherehe ya mtaa tangu 1972 pale Goodale Park, inaendeshwa na watu wa kujitolea. (Vaa moyo wa uvumilivu, utaona mavazi, na utaona ukosefu wa mavazi.) Mei mwishoni Asian Festival, Franklin Park. Septemba mwanzoni Wagiriki wanafungua kanisa lao kuu, wanapika siku nne.

Basi la COTA litakufikisha. Lile la CMAX linapanda Cleveland Avenue yote kutoka mjini, ukishika dirisha umeona nusu ya dunia.

Na chuoni kwako wanafundisha Kiswahili. Nenda kawasikilize wanavyohangaika na ngeli, utajisikia profesa.

#17 Mwananchi 614

Binti, ongeza na hili. Jumamosi za vuli mpira wao ule wa kukumbatiana ukichezwa, mji unasimama. Uwanja wa chuo umefunguliwa 1922, unaingiza watu zaidi ya laki moja, na umbo lake ni kwato la farasi. Tiketi achana nazo. Wewe tembea nje tu, watu wamepaki magari wanachoma nyama tangu alfajiri, ukivaa nyekundu hutatoka na njaa. Mtu asiyekujua akikupigia kelele "O-H!" usiogope, ni hodi hiyo. Unaitikia "I-O!" Usipoitikia ndipo wanakushangaa.

Na wiki ya kucheza na Michigan utaona herufi M kwenye vibao vya chuo zimebandikwa msalaba mwekundu. Usiziondoe ukidhani unasaidia usafi.

Kwa wenye magari, someni vibao vya maegesho hata vile vidogo vya nyuma ya nguzo. Mimi siku ya mechi nilipaki kwenye kiwanja cha duka moja, nikarudi nikakuta nafasi imebaki tupu. Brekidauni lilishabeba. Nililipa fedha ambayo ningekula nayo soseji za senti kumi mpaka uzeeni.

#18 Mwana wa Korogwe

Binti Mbeya, ukiwahi kufika mwishoni mwa Julai utakuta Ohio State Fair, na hapo mtu wa Mbeya utajiona nyumbani, maana ni Nane Nane. Sikutanii, hata majira ni yaleyale, inaishia mwanzoni mwa Agosti. Siku kumi na mbili, ng'ombe, nguruwe, sungura, matrekta, na vitu vya kukaangwa ambavyo havikupaswa kukaangwa.

Wanachojivunia zaidi ni ng'ombe wa siagi. Ng'ombe mzima na ndama wake, umbo kamili, wamechongwa kwa siagi, wako nyuma ya kioo ndani ya chumba cha baridi. Desturi hiyo ipo tangu 1903. Siagi kama kilo mia tisa hivi. Watu wanapanga foleni kuiona, na mimi nilipanga. Mwaka 2019 walichonga na wanaanga wa Apollo 11, kwa vile Neil Armstrong ni mtu wa Ohio.

Lakini kilichonikalisha ni mabanda ya mifugo. Watoto wa shamba, miaka kumi na mbili, kumi na tatu, wamekuja na ndama wao waliowalea wenyewe. Wanawaosha, wanawachana manyoya kwa chanuo, usiku wengine wanalala kwenye viti vya kukunja ubavuni pa mnyama. Kuna binti mmoja alikuwa amelala kabisa kichwa juu ya mbavu za ng'ombe wake, ng'ombe anacheua, kichwa cha binti kinapanda na kushuka. Babu yangu alikuwa na ng'ombe wanne Korogwe. Nilisimama pale muda mrefu mpaka baba wa yule binti akaniuliza kama nataka kununua.

Msema Kweli, mahindi ukitoka nje ya mji ni kweli yapo. Nami nimeanza kuyapenda.

#19 Msema Kweli

Sijasema mji mbaya. Nimesema burger ni nyingi. Na mimi ile ndizi na wali nilikula, nilikuwa sijasema tu.

#20 Kadzo wa Kilifi

Mleta uzi, hao Clippers wanacheza na nani? Nimeangalia ratiba naona kuna timu inaitwa Toledo Mud Hens. Kuku wa Matope? Watu wazima wanavaa hiyo jezi?

#21 Mwana wa Korogwe

Wanavaa, wanalipwa, na siku ile walitufunga. Toledo nao ni Ohio hapahapa, kwa hiyo mzee jirani aliichukulia kama msiba wa ndani ya ukoo.

#22 Abuu Shakur

Ndugu mleta uzi. Soseji.

#23 Mwana wa Korogwe

Abuu, nisamehe sana ndugu yangu. Nilikwenda tena Alhamisi nikauliza pale dirishani kwa ajili yako. Yule dada akaniambia si halali, hata asikuzungushe. Chukua bisi. Dumu lake ni kubwa kama ndoo ya kuogea, na ukikaa karibu na mzee wangu atakuongezea mbegu za alizeti bila kukuuliza.